Mwaka Niliokatazwa Kukimbia

Kocha ndiye aliyeng'amua kwanza kwamba kuna jambo. Tulikuwa mazoezini kwenye uwanja wa udongo karibu na Jogoo Road, Nairobi, mipira ikipigwa kutoka pembeni nami nikiingia kati kuimalizia, na kila mpira ulikuwa unanipita. Nilichelewa kidogo tu, lakini mshambuliaji aliyechelewa kidogo hana tofauti na mtazamaji. Kocha wetu, mama wa makamo aliyewahi kucheza beki, akapuliza kipenga na kuniita kando.

"Wewe ni mgonjwa?"

"Hapana, kocha."

"Basi nenda ukapimwe hicho ambacho si ugonjwa."

Nilicheka. Jioni yake sikucheka tena. Muuguzi wa zahanati ya mtaani kwetu, Umoja, aliniwekea kile kijiti mbele yangu, mistari miwili wazi, akasema "hongera" kwa sauti ya mtu aliyezoea kuisema kwa wanaofurahi na kwa wanaolia.

Mimi sikuwa upande wowote. Nilichofikiria ni Dar es Salaam. Klabu ya wanawake ya kule ilikuwa imeniona nikicheza katika mashindano ya kanda, ikanipigia, ikanitaka. Pasipoti ilikuwa tayari. Njumu mpya nilikuwa nazivaa ndani ya nyumba ili zilainike kabla ya safari. Tangu nikiwa msichana wa mtaa wa Mbotela, nikicheza na wavulana nyuma ya zile nyumba kuukuu za kaunsili ya jiji, sikuwahi kukaribia kitu kikubwa kiasi hicho.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la unga. Aliporudi kazini nikamwambia akiwa bado amesimama mlangoni. Uso wake ulifunguka wote, kisha akaniangalia vizuri, akajaribu kuufunga.

"Na Dar?" akauliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Akakaa chini, akavua viatu, akavivaa tena, akaenda dukani kununua maziwa ambayo tayari tulikuwa nayo.

Niliwapigia watu wa Dar mwenyewe, sikutaka wasikie kwa mtu mwingine. Meneja wao alikuwa na Kiswahili laini kama samli. "Hongera sana, dada yangu. Mtoto ni baraka. Basi tutawasiliana." Nikashukuru. Simu ilipokatika nilijua hawatapiga, na hawakupiga.

Wiki chache baadaye nilitokwa na damu kidogo. Daktari alisema mtoto yuko salama, ila mimi nitulie. Nisikimbie. Nisinyanyue ndoo. Hata ngazi za kwetu, ghorofa ya tatu, nipande polepole na nisizipande bila sababu. Nitulie. Neno hilo lilinifuata miezi yote iliyobaki. Mume wangu alilisema kwa upole, jirani alilisema akinianulia nguo, na mama yangu alilisema kama mtu aliyeshinda kesi.

Mama alikuwa akiuza nguo za watoto za mitumba pale Mbotela, na mpira hakuupenda tangu zamani. Alitoka magharibi mwa Kenya akiwa msichana mdogo, akafanya kazi kiwandani mpaka mgongo ukamkatalia, na alichonitakia mimi ni kazi ya kukaa kwenye kiti. Alikuja kuniona akiwa na mfuko wa vinguo vidogo vilivyofuliwa na kupigwa pasi.

"Sasa utatulia," akasema. "Mungu amekujibu."

"Amenijibu nini, mama, na sikuwa nimemwomba?"

"Basi amenijibu mimi."

Niseme ukweli, kutulia sikuweza. Nilikaa kwenye kochi na miguu ikaendelea na shughuli zake yenyewe. Nilikuwa nikiosha vyombo na kujikuta nimeegemea mguu mmoja, mwingine unasukuma ndala mbele na nyuma. Usingizini nilimpiga mume wangu mateke mpaka akahamia ukingoni mwa kitanda. "Leo umefunga mangapi?" angeniuliza asubuhi, akijisugua muundi, nami ningecheka kisha nikae na hasira hadi mchana bila kujua namkasirikia nani.

Siku moja nilikwenda kuwatazama wenzangu wakicheza. Nafasi yangu alikuwa amepewa msichana mwembamba, mwepesi, mwenye mbio zinazokufanya uache kuongea. Kocha alinitolea kiti cha plastiki nikae karibu na benchi. Sikukikalia. Nilitembea na mstari wa pembeni, tumbo mbele, nikimpigia yule msichana kelele: toka, rudi, subiri, ingia sasa! Refa akaja akaniomba nirudi nyuma ya kamba. Msichana alipofunga, wenzangu wote wakamrukia, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Nilirudi Umoja kwa miguu, nikijua daktari angesema nini, kwa sababu nisingeweza kukaa.

Binti yangu alizaliwa kwa upasuaji. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilipoamka na kuushika ule mshono, kitu cha kwanza nilichotaka kumuuliza daktari kilikuwa kimoja tu, nitakimbia lini, lakini mtoto akaletwa, akafungua mdomo kama kifaranga, swali likanitoka kichwani kwa siku kadhaa. Nataka hilo lijulikane. Nilimpenda mara moja, bila kujilazimisha. Sijui kwa nini watu hudhani mwanamke akitaka kuwa kwingine, basi hapendi alipo.

Mama alihamia kwetu kuniuguza. Alinipikia uji wa wimbi na kuku wa kienyeji, akanikanda mgongo, akamwogesha mtoto akimwimbia nyimbo za kanisani kwa Kiluhya. Mshono ulipopona na daktari akaniruhusu, nilianza kutoka alfajiri kukimbia kidogo kando ya barabara ya mtaa, kutoka geti la kwetu hadi kwenye vibanda na kurudi. Mara ya kwanza nilifika nusu, nikainama, nikashika ukuta. Tumbo lilikuwa kama la mtu mwingine. Wauza maandazi walinitazama kwa huruma.

Mama alinisubiri mlangoni, mtoto begani.

"Unakimbilia wapi?"

"Sijui, mama."

"Mume unaye. Nyumba unayo. Mtoto huyu hapa. Unakimbilia wapi?"

"Nikikaa humu nitaanza kumchukia mtu, mama. Na humu mko watu watatu tu."

Nilijutia maneno yale yakiwa bado mdomoni. Mama alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi lingine, akampigapiga mgongoni mpaka akacheua. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kesho amka mapema zaidi. Jua likitoka anataka kunyonya."

Hatukulizungumza tena. Lakini tangu siku hiyo njumu zangu, ambazo alikuwa amezisukuma chini ya kitanda, nilizikuta mlangoni.

Niliporudi timuni kocha hakunibembeleza. "Nafasi yako haiko hapa ikikungoja," alisema. "Ukiitaka, mnyang'anye mwenye nayo." Wasichana waliniita mathe, mama kwa Sheng, na jina hilo likanikaa. Siku ya kwanza ya mazoezi makali maziwa yalitoka yakalowesha jezi mbele, nikasimama katikati ya uwanja nikiwa nimejikumbatia kwa aibu. Kipa wetu akaja mbio, akavua fulana yake ya akiba akanirushia. "Vaa hii, mathe, kabla mabeki hawajateleza!" Nilicheka hadi mshono ukanikumbusha upo.

Mbio zangu za zamani hazikurudi. Nilizingoja, nikazitafuta kwenye ngazi za kwetu nikipanda na kushuka na mtoto mgongoni, hazikuja. Yule msichana mwembamba alinipita kila tulipopimwa. Hapo ndipo nilipoanza kulala vibaya tena. Mchezaji anaweza kuvumilia kukatazwa kukimbia. Kuruhusiwa, ukakimbia, ukafika wa pili, ni jambo jingine.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa dhidi ya timu ya mtaa wa Lucky Summer. Mama alikuja na mtoto, kwa sababu mtoto alikataa chupa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniona nikicheza. Wakati wa mapumziko nilinyonyesha nyuma ya benchi, leso begani, huku kocha akipanga mambo juu ya kichwa changu. "Unaingia," akaniambia. "Maliza kwanza."

Niliingia tukiwa sare bila bao. Muda si muda mpira ulimponyoka kipa wao, ukanijia miguuni, goli likiwa wazi kama mlango wa kanisa. Nikaupiga juu. Juu kabisa, hadi kwenye paa la mabati la kibanda cha nyuma, na kishindo chake kila mtu alikisikia. Uwanja mzima ukaguna. Katikati ya ule mguno nikasikia sauti ya mama yangu, kali, ya mtu anayegombana sokoni:

"Mwache! Atapata mwingine!"

Alikuwa anamfokea mwanaume aliyekaa karibu naye, ambaye alikuwa amenicheka. Mwanaume akahama kiti.

Na nikapata mwingine. Haukuwa mzuri. Kona ilipigwa, watu wakagongana, mpira ukaniparuza kwenye goti ukaingia polepole, mimi nikiwa nimekaa chini. Wenzangu walinilalia juu. Yule msichana mwembamba alikuwa wa kwanza kunifikia, akaniinua, akanipangusa udongo usoni kwa jezi yake. Mama hakushangilia. Nilipotazama, alikuwa anambadilisha mtoto nepi.

Msimu ule tulicheza sote wawili, yule msichana mwembamba akikimbia nami nikimtafutia njia. Dar walipiga tena mwaka uliofuata. Sauti ile ile ya samli. Niliwaambia nitakuja na mtoto na mtu wa kumlea, au sitakuja. Wakasema tutawasiliana, nikajua ndiyo basi. Wakawasiliana.

Mume wangu hakuweza kuacha lori. Tulizungumza, tukakosana, tukapatana. Mama ndiye aliyefunga biashara yake, akafungasha.

"Na mpira huupendi," nikamwambia.

"Mpira siupendi," akasema. "Nani amekuambia naenda kwa ajili ya mpira?"

Tulikaa huko misimu miwili. Nilifunga, nilikosa, nilikaa benchi, nilimkumbuka mume wangu kiasi cha kuzungumza na picha yake, na nikirudi Nairobi likizo nilianza kuhesabu siku za kuondoka kabla hata sijafungua mkoba. Mama alijifunza kupika samaki wa nazi. Hakujifunza kuupenda mpira.

Sasa nimerudi Umoja. Goti la kulia limevimba tena na daktari mwingine ameniambia nitulie. Klabu yangu ya zamani inataka niwe msaidizi wa kocha: kipenga shingoni, kusimama pembeni, kuelekeza. Ni kazi nzuri na mume wangu anasali niikubali. Nimewaambia nitafikiria. Jumatatu mazoezi yanaanza, na nimemuuliza kocha kama kati ya wasichana wake kuna anayehitaji mtu wa kushindana naye.