Mbwa wa Ami Nasor

Juzi, kwenye uwanja wa ndege wa ugenini, nilimwona mzee aliyekuwa askari, na mbwa wake kavishwa kizibao cha mbwa msaidizi. Sinia lilianguka kwa kishindo, mzee akatetemeka, mbwa akamlalia miguuni mpaka pumzi zikamtulia. Nikaikumbuka ghala yetu ya tende kule Ibra.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, jirani alikuwa akimwoza mwanawe, na wanaume walipiga bunduki hewani. Ami Nasor, ndugu yake baba, aliyekuwa amerudi kutoka jeshini, alikimbilia ghalani. Nilimfuata. Mlikuwa na joto na harufu ya tende zilizochacha, naye kajikunyata pembeni, mbwa wa shamba kamlalia mapajani. Nilidhani mbwa kamzuia asitoke.

"Mwache, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Usimfukuze."

Nilidhani anasema hivyo kwa kumwogopa mbwa. Nikampiga yule mbwa kwa kuti mpaka akatoka mbio, kisha nikaufunga mlango kwa komeo asirudi. Bunduki ziliendelea. Ami akaugonga mlango, halafu akaukwaruza kwa kucha. Nikamwambia asiogope, nimesimama hapa namlinda.

Kabla ya siku ile, kila jioni Ami alikuwa akiiosha kanzu yake mara saba, moja kwa udongo, kwa sababu ya mate ya mbwa. Mimi nikiona ni adhabu. Mbwa hakurudi tena, na bibi akanisifu, maana kanzu sasa ilioshwa mara moja tu. Baadaye haikuoshwa kabisa, kwa sababu Ami hakutoka tena chumbani.