Siku Nilipowahukumu Warumi wa Msambweni

Wajukuu zangu hawapendi kutazama televisheni nami. Wakiweka zile tamthilia za vita vya Warumi, majemadari wenye vifua vya shaba na meno meupe pe, mimi huanza kugomba kabla farasi wa kwanza hajaanguka. Huyu ametoka vitani na nguo haina hata doa, nasema. Yule ameuawa na tumbo lake bado linapanda na kushuka. Na hawa wote waliolala hapa, mbona jemadari anawaruka tu, nani atawazika? Wao hunijibu, babu, ni mchezo tu. Neno hilo ndilo linalonitibua. Nililisikia zamani, na hasira niliyoipata siku ile sijapata pa kuitua.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami ni mwalimu kijana huko wilayani Kwale, mwenye Kiingereza cha kutosha kunitia matatani. Wakubwa wa elimu waliamua kwamba shule zetu zishindane kwa maigizo. Hatukuulizwa tungependa kuigiza nini. Ngano zetu zingetosha kujaza masika nzima, lakini tuliletewa mchezo uliopigwa taipu, uliotafsiriwa na mtu ambaye Kiswahili alikiokota njiani. Ulimhusu jemadari wa Kirumi aliyetumwa nchi ya mbali kuwatuliza waasi. Anawatuliza kwa upanga. Kiongozi wao anauawa, na jemadari anaamuru maiti yake iachwe pale pale ilipoanguka, jua liipige na ndege waishukie, ili wengine wapate funzo. Kisha anapanda juu ya sanduku na kuhutubia habari za amani mpaka mwisho.

Hiyo ndiyo amani tuliyotakiwa kuwafundisha watoto. Na wakati wenyewe ulikuwa wa ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Huku kusini vita vya bara havikutufikia, lakini habari zake zilitufikia, na miongoni mwake zilikuwamo habari za maiti zilizolazwa hadharani ili watu wapite wazione. Sijui aliyeuchagua mchezo ule alikuwa mjinga au mjanja. Mpaka leo sijaamua lipi linaniudhi zaidi.

Nilitiwa katika waamuzi watatu. Mkubwa wetu alikuwa afisa wa elimu, Mzungu mwembamba ambaye kila akitaka kukasirika hufuta miwani. Wa pili alikuwa karani wake, mtu wa kuitikia. Afisa akikohoa, yeye koo linamwasha. Wa tatu mimi, kwa kuwa alihitajika mtu wa kuwafasiria wenyeji. Tulipita shule kwa shule, kila moja ikiigiza kwao, tukihukumu sauti, mwendo na utii kwa maandishi. Hilo la utii lilikuwa limepigiwa mstari.

Kwale mjini waliigiza mbele ya makarani na askari, watazamaji wasiothubutu hata kupiga chafya. Maiti iliachwa, jemadari akahutubia, afisa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilikuwa nikiwangoja wa Msambweni.

Shule hiyo ya Msambweni ilikuwa chini ya rafiki yangu, mtu wa Kikoneni, niliyesoma naye tangu chuoni kwa maalimu wetu wa Kurani mpaka baba yake alipofariki naye akarudi kushika jembe. Sasa alikuwa ameitwa kufundisha bila cheti, kwa kibali cha mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka ukiisha hakujua kama ataitwa tena mwalimu. Afisa alikuwa ametangaza kwamba mwalimu ambaye wanafunzi wake watashinda atapelekwa kusomea ualimu. Rafiki yangu alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Alikata madebe ya mafuta ya taa akawapatia askari vifua vya chuma. Alichonga panga za mbao. Juu ya kibuyu kilichokuwa kofia ya jemadari alipachika ufagio wa chelewa, ukasimama kama shungi la jogoo.

Tulipofika Msambweni alinivuta kando ya darasa. Hata salamu hazikuisha.

"Kaka," aliniambia, "safari hii nikikosa, sina mlango mwingine wa kubisha."

"Tulia," nilimwambia. "Wanafunzi wako wanajua kila neno. Kilichobaki muachie Mungu."

Uwanja ulijaa baada ya swala ya alasiri. Watu walivuka kutoka Mkwiro, wengine walitoka Vanga na ubovu wote wa njia ile. Wanawake walikaa kwenye mikeka upande mmoja, wanaume upande wa pili, na wazee wakapewa mabenchi ya mbele, karibu na kamba iliyotenga jukwaa.

Mchezo ulikwenda vizuri kupita nilivyotumaini. Jemadari alikuwa na sauti ya muadhini, na hata ule ufagio haukumchekesha mtu. Kisha kiongozi wa waasi akauawa. Mwanafunzi yule alijua kufa. Alipiga goti, akaishika ardhi, akalala kifudifudi, mkono mmoja umekunjika chini ya kifua. Jemadari akaamuru maiti iachwe, akapanda sanduku, akaanza amani yake.

Hotuba haikuwa imefika mbali mzee mmoja wa benchi la mbele alipoinuka. Hakuwa na haraka. Alivuka kamba, akapiga magoti, akamgeuza yule mwanafunzi chali, akaunyosha ule mkono, akampitishia kiganja machoni kuyafumba. Kisha akavua shuka yake ya begani akamfunika. Maiti haulizwi sanda. Wazee wenziwe wakainuka, kwani nani kwetu atakayebaki ameketi huku mzee anahangaika na maiti peke yake? Wakaangaza huku na huku kutafuta cha kumbebea. Hemani mwa jemadari mlikuwa na kitanda cha kamba, alichokalia akipanga vita vyake. Wakautupa mto, wakakitwaa. Wakamlaza, wakainua, na wanaume wakaanza kupokezana kama tupokezanavyo jeneza siku zote, huyu hatua chache, mwengine anaingiza bega, wala hapana aliyemsukuma mwenziwe. Jemadari alibaki juu ya sanduku na nusu ya hotuba mdomoni. Halafu akavua kibuyu chake, akashuka, akatia bega naye.

Na rafiki yangu? Yeye alikuwa amesimama kando, pale ambapo mwalimu hutakiwa kusimama na kuzuia fujo. Nilimwona akikitazama kitanda kikimpita. Nikasema moyoni, kaa hapo hapo, mpumbavu wewe, usijitie. Akaenda. Akaingia nyuma, akatia bega, akazunguka uwanja pamoja nao.

Walimtua mlangoni mwa darasa. Shuka ilipofunuliwa yule mwanafunzi akaketi akipepesa macho, na wanawake wakacheka, wengine wakajifuta machozi kwa ncha za leso.

Afisa naye alicheka, lakini si kicheko kile. Alicheka mpaka akakohoa, na karani akakohoa pia.

"Waambie hawakuelewa," aliniambia kwa Kiingereza. "Ni mchezo tu. Yule hakufa."

"Hakufa," karani akadakia, naye kazaliwa Pwani hii hii na kabeba majeneza mangapi!

Damu ilinipanda. Hata hivyo niliwafasiria watu, kwa adabu kuliko nilivyoambiwa. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, shuka yake ikiwa mkononi.

"Mwanangu," alisema, "mwambie Bwana Mkubwa twajua kuwa ni mchezo. Huyo ni mjukuu wangu, nimekunywa naye uji asubuhi. Lakini kuiacha maiti ni jambo ambalo sisi hatulijui, na hata kwa mchezo hatutaki kujifunza."

Nilimfasiria afisa neno kwa neno. Akavua miwani, akaanza kuifuta. Akasema mchezo umeharibika, hotuba haikusomwa, utii kwa maandishi haupo, na shule isiyomaliza haiwezi kupewa alama. Hapo nilisahau kwamba mkate wangu unatoka mkononi mwake. Nilimwambia kwamba kama kazi yetu ni kuhukumu maigizo, basi hilo ndilo igizo. Huko kwengine watu walimtazama mtoto aliyelala. Hapa walimwona mtu aliyekufa. Ikiwa hilo si ushindi, anionyeshe ushindi ulivyo. Karani aliniangalia kama mtu aliyekanyaga nyoka.

Afisa hakunifokea. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonizidishia hasira, kwa sababu mtu mbaya ungemtukana ukaenda zako. Alifikiri, kisha akasema ataona njia. Ikiwa mwalimu alijaribu kuwazuia watu wakamshinda nguvu, basi kosa ni la watu, si la shule. Watu wasogezwe nyuma, wanafunzi warudie mwisho wa mchezo, jemadari asome hotuba yake, nao watapewa alama zao zote. Na kwa walivyoigiza, alisema, sioni atakayewashinda.

Nilimwita rafiki yangu. Alikuja akitweta, vumbi la mti wa kitanda limemchora shati begani. Nikamfasiria, kisha nikaongeza yangu, kwa sauti ya chini.

"Sema ulijaribu kuwazuia. Neno moja tu, kaka. Chuo cha ualimu hiki hapa."

Aligeuka akawatazama wazee. Walikuwa wamesimama karibu, wanasikia kila kitu, na hakuna hata mmoja aliyemfanyia ishara yoyote. Wangemsamehe, nina hakika. Nilimkasirikia yeye wakati ule kuliko afisa na karani na Roma yote, kwa sababu nililiona jibu usoni mwake kabla hajafumbua mdomo, na nikajua kwamba sitaweza kulikataa.

"Mwambie sikuwazuia," alisema. "Mwambie nilichelewa kutia bega."

Afisa akauliza amesemaje. Nikamfasiria. Akavaa miwani yake, akakusanya vitu vyake, akatembea kuelekea garini na karani nyuma yake.

Aliyepelekwa kusoma ni mwalimu wa Kwale mjini. Mwaka mpya ulipoingia kibali cha rafiki yangu hakikuja, akarudi Kikoneni kulima mihogo. Yule mzee wa Msambweni na wenziwe walimfuata huko kwa miguu kumtaka radhi, nami nilifuatana nao. Aliwakaribisha kivulini mwa nyumba, akawapa maji, akawasikiliza. Kisha akawauliza, kwa upole ambao mimi nisingeuweza, radhi ya nini.