Zamu ya Sagalla

Kwenye kaunta ya kampuni moja ya intaneti hapa Voi, mama mmoja wa Sagalla aligonga bango kwa kidole.

"Mmeandika kasi hadi megabiti ishirini. Kwangu hata mbili hazifiki, na binti yangu anatakiwa atume video ya kuomba kazi kufikia kesho saa sita!"

"Mama, ishirini ni ukiwa peke yako," mhudumu akajibu. "Mnara ni mmoja, mnagawana na majirani."

Uso ukamkunjuka. "Kumbe ni kama maji yetu ya mgao! Si mngesema tu? Haya, zamu ya Sagalla ni siku gani?"

Mhudumu akacheka. "Jaribu alfajiri, wengine wakiwa wamelala."

Nilikuwa nyuma yake, na lalamiko lilelile. Siku hizi alfajiri naweka mtungi chini ya mfereji na simu dirishani, nangoja nione kipi kitakuja kwanza.