Ningu Wawili Ndani ya Karai

Niseme ukweli tangu mwanzo: mimi ni mwoga. Nimezaliwa kando ya ziwa na sijui kuogelea. Miaka ile ya kwanza ya uhuru, mvua ilipokataa kukoma na ziwa likapanda likameza mashamba ya ufuoni, mimi nilikuwa nimeajiriwa kufanya kazi juu ya maji hayo hayo. Nilikuwa mkalimani na msaidizi wa mtafiti mmoja Mzungu aliyechunguza samaki. Kila mashua ilipoyumba nilishika ubao kwa mikono miwili, naye akacheka.

Lakini kilichonitisha zaidi kilikuwa ndani ya chupa. Samaki wa uchunguzi tuliwahifadhi kwa fomalini, dawa ile wanayotumia mochari ili maiti isioze. Siku yangu ya kwanza nilifungua kifuniko nikainusa. Macho yakaniwasha, nikatoka nje mbio nikikohoa. Mtafiti akaniambia, taratibu kabisa, kwamba mtu akiinywa itamchoma matumbo mpaka afe. Tangu siku hiyo nilinawa mikono hadi ngozi ikapauka.

Kazi yetu ya pili ilikuwa kuelimisha watu. Ningu walikuwa wakipungua. Samaki hao hupanda mito ya mafuriko kwenda kutaga, kama Mto Kuja kule Migori, na watu waliwangoja pale mto unapoingia ziwani, wakawazoa na mayai yao tumboni. Mtafiti alitaka kumpasua ningu jike hadharani, kila mtu ayaone mayai kwa macho yake. Shida ni kwamba msimu ulikuwa umepita. Ningu wenye mayai tuliobaki nao walikuwa wawili tu, na wote walikuwa ndani ya fomalini.

Basi tukaenda nao Sindo, kijiji cha ufuoni. Mkutano ulikuwa wa kesho yake adhuhuri, nami nikafikia kwa shangazi yangu, dada ya baba, mjane aliyelea wajukuu watatu kwenye mlima juu ya ufuo. Mtafiti aliniagiza niwaloweke ningu katika maji safi mpaka kesho, ile harufu ipungue, isije ikawachoma macho watu wa mbele. Nikawatia kwenye karai nyuma ya jiko, nikafunika kwa sinia. Asubuhi nikabadilisha maji, nikashuka ufuoni kupanga viti.

Sikumwambia mtu neno. Kwetu mgeni haji mikono mitupu, na mwenyeji hamuulizi ameleta nini. Anakiona, anakipokea, anakipika. Haya niliyajua tangu utotoni, sikufundishwa na Mzungu! Lakini kichwani mwangu wale hawakuwa samaki tena, walikuwa vifaa vya kazi, kama mizani na rula. Mjinga mimi.

Nilipopanda kuwachukua, jua lilikuwa karibu na utosi. Karai lilikuwa limeoshwa na kuinamishwa juu ya jiwe likauke. Kutoka jikoni nikasikia sauti za watoto, nikanusa kitunguu, na chini ya kitunguu nikainusa ile harufu nyingine.

Wajukuu watatu walikuwa wameuzunguka ugali, mikono imeshanawa. Nilipiga ukelele ambao sijaupiga tena maishani. Nikaipiga teke sufuria, mchuzi ukamwagikia majivuni. Yule mdogo akaanza kulia, nami nikampanua mdomo kwa vidole nikichungulia ndani.

"Umekula? Sema! Umekula?"

"Hajala," shangazi akasema. "Yawa, umepagawa? Nimewaambia wangoje. Hii samaki yako imekataa kuiva tangu asubuhi. Nimekula mimi kwanza."

"Umekula ngapi?"

"Kipande kimoja. Cha mkiani."

Niliteremka ule mlima sijui vipi. Mtafiti alipopata habari uso ulimwiva, akasema maziwa, maziwa mengi, na mashua iwashwe sasa hivi twende hospitali ya Homa Bay. Nilipomfikia tena shangazi alikuwa amejikunja mlangoni, ameshika tumbo. Nikambeba mgongoni. Ufuo ulikuwa umejaa watu, wameketi kwenye viti nilivyovipanga mwenyewe, wakingoja somo la samaki. Nikawapita katikati na shangazi akitapika begani kwangu.

Maji yalikuwa machafu siku hiyo, mawimbi yakiingia ndani. Kwa mara ya kwanza sikushika ubao. Nilimshika yeye, nikihesabu pumzi zake. Niliogopa atakufa. Niliogopa nitamwambia nini baba. Niliwaogopa hata wale watoto watatu niliowaacha kwa jirani, watakaokua wakijua ni nani aliyemuua nyanya yao.

"Waya," nikamwita kwa Kijaluo, kama mtu anavyomwita shangazi yake, "hukusikia harufu?"

"Niliisikia tangu nilipoinua sinia."

"Sasa ukala kwa nini?"

Akafumba macho, tukapanda wimbi moja na jingine. "Umeleta wewe," akasema. "Nikimwaga samaki wa mtoto wa ndugu yangu, baba yako nitamtazamaje? Nikasema nijaribu mimi kwanza. Mimi nimeshazeeka. Ikinipita salama, watoto watakula."

Alilazwa siku nyingi. Akapona, ingawa tumbo lake halikurudi kuwa kama zamani, na pilipili hakuigusa tena. Hakumwambia baba. Mimi pia sikumwambia, na hilo nalo ni woga.

Miezi ilipita kabla sijathubutu kurudi Sindo. Nilinunua nyama ya ng'ombe sokoni asubuhi ile ile, ikiwa bado na damu, nikaifunga kwenye jani la mgomba. Shangazi alinipokea kwa furaha, akaniombea, akaichukua. Hakuuliza ni nini. Lakini alibaki amesimama pale mlangoni na ile nyama mikononi, na wale watoto watatu wakamshika nguo kwa nyuma, wote wakinitazama.

Nikaomba kisu. Nikakata kipande, nikakichoma juu ya makaa, nikakila mbele yao mpaka kikaisha. Ndipo shangazi akainjika sufuria, lakini tulikaa kwa muda mrefu kabla hajawapakulia watoto.