Pembe Isiyomponya Mwenyewe

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Niliisikia sauti hiyo kabla sijaingia ndani. Nikadhani panya.

Kumbe ni Papa Floribert, mkimbizi mwenzetu kutoka Garamba, kwenye mbuga iliyokuwa na vifaru, anakwaruza pembe ya kifaru kwenye jiwe.

"Dawa ya mama yako," akaniambia. "Homa itashuka."

Mama alikuwa anaungua tangu juzi. Hospitali ya Mweso iko nyuma ya mlima tu, lakini barabarani wenye bunduki walikuwa wanakamata wanaume wawabebee mizigo.

Na kwetu mgonjwa anabebwa kwa tipoi, machela ya miti, mabegani mwa wanaume wanne. Nani atoke?

Hata mimi, na mdomo wangu wote huu, nilinywea.

Papa Floribert alikuwa anakwaruza huku anamsimulia mama, kama anabembeleza mtoto.

"Kifaru haoni mbali, Mama Adelaïde. Anasikia na kunusa. Anakula majani tu. Jua ikiwaka, anagaagaa mu matope. Mimba yake inapita mwaka, na anazaa mutoto mumoja."

Mama akafumbua macho.

"Na huyu mwenye pembe, alikufa na nini?"

"Risasi. Kwetu walimalizika wote."

"Pembe haikumuponesha yeye mwenyewe, njo itaniponesha miye?"



Papa Floribert akatia pembe mfukoni. "Henri, ita Guylain na Merdi. Tunabeba."

Tulikuwa tunaona mabati ya Mweso wenye bunduki walipotutokea.

"Muweke huyo mama chini. Mizigo yetu iko pale."

Mama alikuwa haongei tena.

Papa Floribert akatoa pembe, polepole.

"Chef, wacha vijana wapeleke mugonjwa. Miye najua fasi vifaru viko vingi. Nitawaonyesha."

Macho ya yule chef, mkubwa wao, yakang'aa. Akaipokea pembe kwa mikono miwili.

Uongo mtupu, na sisi tulijua. Siku watakapogundua, je?

Papa Floribert akabaki nao. Tipoi ya watu wanne tukaibeba watatu.

Mama alipona, kwa sindano za Mweso. Wanaoniuliza dawa ya pembe nawaambia: pembe ni kama kucha tu. Kilichomwokoa mama yangu ni bega la mtu asiye ndugu yetu.

Siku ile barabarani, kabla ya kumwacha, niligeuka nikasema mbele ya bunduki zote:

"Papa Floribert, uwe muzima ao umekufa, nitakuja kukufata."