Chuo cha Posta na Nyuki wa Mume Wangu

Watu wakisikia nimestaafu na cheti kilekile cha ualimu wa msingi nilichokuja nacho Mpanda, huniuliza, "Kwani mwalimu, hukupenda kusoma?" Huwa nacheka. Nisipocheka nitatukana, na mtu wa umri wangu hapendezi akitukana.

Nilipenda kusoma, tena sana. Miaka ile ya tisini tulisikia redioni kwamba sasa mtu anaweza kusoma chuo kikuu akiwa nyumbani kwake: vitabu vinakuja kwa posta, na majibu anarudisha kwa posta. Nilikuwa nasonga ugali, hapo kwetu Makanyagio. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria, nikasogea redioni, ugali ukaungua. Digrii bila kuacha kazi, bila kuacha watoto! Nikajiona tayari nafundisha sekondari. Kilichotakiwa ni kupanda treni kwenda Tabora kufanya mtihani wa kujiunga, halafu unarudi zako.

Mtihani ukapangwa kiangazi, na kiangazi mume wangu huwa porini Ugalla anarina asali. Kwao ni watu wa nyuki tangu enzi za babu zao. Mwanaume anakwenda kambini na wenzake, anaweza kumaliza mwezi, na hakuna anayemuuliza amelala wapi. Mke aliyebaki ndiye mwenye masharti: halali nje ya nyumba yake, hagombani na mtu, na mwanaume mgeni hakanyagi mlangoni pake. Akivunja, nyuki wanajua, wanamgeuka mumewe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Nilipomweleza mume wangu habari za Tabora, alikuwa anasokota kamba ya kupandishia mizinga. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Sikukatazi, mwalimu," akasema. "Wewe ndiye msomi, amua mwenyewe. Ila ujue mimi nitakuwa juu ya mti."

Ruhusa gani hiyo, jamani? Angesema hapana, ningepata mtu wa kubishana naye.

Mwalimu mwenzangu mmoja, Msukuma, ambaye wazazi wake walihamia upande wa Kibaoni na ng'ombe wao, alikuwa ameshaamua kwenda. "We dada," akanicheka, "si wewe unayefundisha sayansi darasa la sita? Nyuki wa Ugalla watajuaje kama umelala Tabora?"

Nikamjibu hawawezi kujua. Na kweli nilijua hawawezi. Lakini tuseme itokee ajali tu, kama ajali zinavyotokea. Nani angenisikiliza? Wanangu wangekua wakiambiwa mama yenu alimuua baba yenu kwa ajili ya kutafuta vyeti. Nilizunguka na jambo hilo kichwani, sokoni nalo, darasani nalo, hadi mwanafunzi akanikumbusha kwamba nimefuta ubao kabla hawajanakili.

Basi nikaamua. Sikwenda. Mwenzangu nilimsindikiza stesheni, nikampandishia na kikapu chake, nikarudi nyumbani na hasira zangu. Na hizo hasira nazo nikazimeza, maana masharti hayataki ugomvi. Nililala kwangu. Fundi aliyekuja kuziba bati nilimfukuza akiwa bado barabarani, bati lisije likawa kisingizio. Hata kwaya niliacha kwenda.

Mume wangu akaletwa juu ya baiskeli, wenzake wakisukuma. Uso umevimba, macho hayaonekani, mkono umevunjika. Nyuki walimvamia juu ya mti akaanguka. Mwenzake wa kambini alinieleza palepale uani, bila kuficha: majani ya kufukizia yalikuwa mabichi, moshi ukazimika kabla hajafunua mzinga. Ungedhani maneno yameishia hapo. Thubutu!

Mama mkwe wangu akaingia chumbani, akamtazama mwanawe, kisha akanigeukia. Hata pole hakunipa.

"Ulilala wapi?"

"Hapahapa, mama. Tabora sikwenda."

"Najua hukwenda. Majirani wameniambia." Akasogea karibu. "Nyuki hawasemi uongo, mkamwana. Nakuuliza nani aliingia humu ndani."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Nikamgeukia mume wangu. Macho yalikuwa yamefumba, lakini masikio yalikuwa mazima. Nikasubiri aseme neno moja tu, kwamba mama, huyu mwanamke ameacha chuo kikuu kwa ajili yangu. Moja tu. Mama yake naye alikuwa anasubiri.

Mume wangu akaomba maji ya kunywa.

Nikayaleta, nikamshikia kikombe, mengine yakammwagikia kifuani. Mtihani wa Tabora ulikuwa umeshapita, na niliuacha ili nisije nikaulizwa swali kama lile.