Kitunguu cha Sajini

Katika ploti walimopanga akina Kavetsa, mtaani Kianda, mkaaji pekee asiyelalamikia chakula alikuwa mbwa. Usiku Sajini alilinda kibanda cha mboga cha Kavetsa, na mshahara wake ulikuwa ugali na sukuma wiki. Majirani waliwatupia mbwa wao makombo. Kavetsa alimkaangia wake, kitunguu kikianza kuwa chekundu ndipo mboga zinaingia, kwa kuwa kwao Vihiga mgeni akipewa mboga za kuchemsha hujua ameonyeshwa mlango.

Kisha Sajini akaacha kubweka. Alilala tu, fizi nyeupe kama unga, mkojo rangi ya strungi, chai isiyotiwa maziwa.

"Ni hiyo sukuma," Awiti wa mlango wa pili alitoa hukumu mbele ya wateja. "Inanyweshwa maji ya mtaro. Mbwa anatuonya."

"Awiti, si uliikula jana?" Kavetsa alimkumbusha.

"Na tangu jana sijisikii poa."

Kufikia saa sita wateja walikuwa wamehamia kwa Celine, muuza mboga wa ng'ambo ya njia. Kavetsa sasa alikuwa na wagonjwa wawili, mbwa na biashara. Akamtia Sajini ndani ya gunia, kichwa nje, wakapanda boda hadi Kongo, Kawangware, kwa Kimotho, daktari wa wanyama mwenye chumba nyuma ya duka la vyakula vya kuku.

Kimotho alifunua mdomo wa mbwa. "Unamlisha nini?"

"Ugali na sukuma. Niambie ukweli, daktari, ndiyo inamuua?"

"Sukuma kidogo haina shida kwa mbwa. Unapika aje?"

"Vile watu hupika."

"Na kitunguu?"

Kavetsa alimtazama kama aliyeulizwa iwapo huvaa nguo akienda kanisani. "Kwani kwenu mnapika bila?"

"Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, mama. Kidogo kidogo, kila siku, damu inaisha."

"Hata kikiiva?"

"Hata kikiiva vizuri."

Kimotho alimdunga Sajini sindano, akasema damu itarudi polepole, ikiwa mama ataacha kumpenda hivyo.

Kavetsa alirudi Kianda akitangaza kwa sauti kwamba sukuma haina hatia. Wateja walirejea, Awiti akiwa wa kwanza, na bila haya akadai aongezwe majani mawili. Sehemu ngumu ilikuwa jioni. Kavetsa alichemsha sukuma, akaichanganya na ugali, akafunga mlango asije akaonwa na mtu wa kwao.

"Si mimi," alimnong'oneza mbwa. "Ni daktari."

Sajini alinusa, akamtazama kwa muda mrefu, akala. Zilipita siku nyingi za kula hivyo, mlango umefungwa, kabla hajasimama imara. Alipotoka, alienda moja kwa moja hadi mlango wa pili na kumbwekea Awiti.

"Kavetsa," Awiti aliita kutoka ndani, "huyu mbwa wako amepona ama ana njaa?"

Kavetsa alifunika haraka sufuria ya sukuma ya kuchemsha. "Amepona," alisema. "Ameshiba kabisa."